Kusomea Mbeleko

"Miaka minne?" Shangazi aliuliza, mwiko ukiwa umesimama juu ya sufuria. "Yaani unakwenda Ulaya miaka minne kusomea mbeleko?"

Nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ile kwa karibu miaka mitano. Nilikuwa nimeandika andiko la utafiti na kulifuta mara kumi na moja, nimehojiwa na maprofesa watatu kwa mkupuo mmoja, na bado swali la mwanamke aliyeishia darasa la saba lilinikuta mikono mitupu. Sasa niko mwaka wa tatu wa uzamivu katika uuguzi, na wauguzi wenzangu wa nyumbani huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua nilipitia wapi. Wanataka majina ya vyuo, tarehe za mwisho za maombi, alama za mtihani wa Kiingereza. Nawapa. Halafu nawaeleza kilichonichelewesha, na hapo wengine huacha kujibu.

Nianze na lisilopendeza: udaktari nilianza kuutaka kwa hasira. Mwaka 2017 nilikuwa nimemaliza uzamili Muhimbili na kurudi kwenye hospitali ya mkoa, Nyanda za Juu Kusini, katika wodi ya watoto njiti. Kikaitishwa kikao cha kupitia mwongozo wa huduma za watoto wachanga. Nilijiandaa siku tatu. Nilipofika mlangoni nikapewa karatasi ya mahudhurio niizungushe, kisha nikaombwa nisimamie chai. Kati ya waliozungumza saa mbili zilizofuata, wengi hawakuwahi kukesha na njiti hata usiku mmoja. Nilirudi nyumbani na sambusa tatu zilizofungwa kwenye karatasi, na uamuzi mmoja: nami nitaitwa Dokta.

Neno lenyewe kwa Kiswahili lina vurugu zake. Jirani yangu aliposikia alinipongeza kwamba hatimaye naacha unesi niwe daktari. Nikamweleza kwamba nitabaki nesi, ila nitakuwa daktari wa unesi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna samaki wa nchi kavu. Ndiyo maana nalipenda zaidi neno uzamivu, kwa kuwa limetoka kwenye kuzama, na anayezama hana muda wa kuangalia nani anamwita nani. Lakini hayo ni ya leo. Wakati ule nilitaka kuitwa.

Ilibidi kwanza nijue ni udaktari upi. Wengi wetu tunalipuuza hili, tunajaza fomu ya chuo cha kwanza kilichojitokeza kwenye simu. Marekani wana wa aina mbili katika uuguzi: ule wa utafiti, na ule wa utendaji kwa anayetaka kubaki kitandani pa mgonjwa akiwa na utaalamu wa juu. Huu wa pili umeenea hasa tangu mwaka 2004, chama cha vyuo vya uuguzi cha nchi ile kilipopendekeza uwe ndiyo njia ya kuwaandaa wauguzi wabobezi. Ni masomo mazuri, lakini ukirudi nayo nyumbani utatumia nusu ya maisha ukieleza ni kitu gani. Afrika Kusini imewafundisha wauguzi wengi wa bara hili kwa utafiti. Pale Muhimbili unaweza kusoma ukiwa nyumbani. Na kuna mpango ambao wenyewe tunauita sandwichi: unasajiliwa ng'ambo, data unakusanya kwenu, unakwenda na kurudi kama daladala. Sweden imewasomesha Watanzania wengi kwa njia hiyo, na vyuo vyake havitozi ada kwa mwanafunzi wa uzamivu, hata akiwa mgeni. Tasnifu yenyewe kwa kawaida ni makala nne hivi za kisayansi zilizofungwa pamoja na utangulizi mrefu, na wiki chache kabla ya kuitetea unaipigilia ukutani kwa msumari, msumari wa kweli, watu waisome. Nilipoona picha ya jambo hilo nilisema hawa ni watu wangu.

Hata hivyo mwaka 2018 niliomba kwanza Afrika Kusini, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa ameomba huko. Andiko langu lilihusu sababu za vifo vya watoto wachanga Afrika Mashariki. Afrika Mashariki yote! Sikujua hata wodi ya jirani, wodi ya wazazi, walikuwa wanaandikaje vifo vyao. Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu, mistari miwili: asante, hatukupata msimamizi wa mada hii. Nililia kidogo, nikasema ni ubaguzi wa wauguzi, nikalala.

Mwaka uliofuata niliyatoa maombi yale kwenye kompyuta nikayasoma kama ya mtu mwingine. Kitu kikanishtua. Katika kurasa mbili za barua ya kujieleza, hapakuwa na mtu. Huduma zilikuwa zimetolewa. Changamoto zilikuwa zimebainika. Mafunzo yalikuwa yamefanyika. Ungeisoma barua ile ukamaliza usijue kama mwandishi aliwahi kumshika mtoto.

Nilijua nilikojifunza kuandika hivyo. Fungua faili la mgonjwa yeyote katika hospitali zetu. Tunaandika kwa Kiingereza, tunakabidhiana zamu kwa Kiswahili, lakini katika lugha zote mbili muuguzi hayumo. Mtoto amepimwa. Maziwa yametolewa, mililita 12, kwa mpira wa puani. Uzito gramu 1,150. Hali inaendelea vizuri. Nani amepima? Nani aligundua saa tisa usiku kwamba midomo imebadilika rangi, akamsugua mgongo mpaka akarudisha pumzi? Imeandikwa: mtoto alipata huduma. Mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza alikuwa akisema, faili si shajara yako. Alikuwa sahihi kwa faili. Mimi nikalifanya somo la maisha.

Ukutani mwa darasa lile palikuwa na picha ya Florence Nightingale ameshika taa. Ndivyo tulivyompokea: mwanamke mpole anayepita gizani kimya. Kwamba alitoka Scutari, kwenye hospitali za vita vya Krimea, akiwa na hasira na tarakimu. Kwamba mwaka 1858 alichora mchoro wa duara wenye rangi kuonyesha kuwa askari waliokufa kwa maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Kwamba mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza, hayo niliyasoma nikiwa na miaka thelathini na kitu. Mchoro ule ungetundikwa pale pale ilipokuwa taa, pengine ningeanza mapema.

Kulikuwa na sentensi moja katika mafaili yetu ambayo niliiandika mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo iliyonipeleka Sweden. Sentensi yenyewe ni hii: mama ameelimishwa.

Kwa asiyejua wodi ya njiti, nieleze. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kujipasha joto. Kule kwetu mwezi wa Juni na Julai baridi inaingia hadi kwenye meno, na inkubeta mbili hazitoshi watoto kumi na wanne. Njia iliyo bora ni kifua cha mama. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey alikuwa na uhaba kama wetu. Unamvua mtoto, unamwachia nepi, kofia na soksi, unamsimamisha katikati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, unawafunga pamoja. Jina lake ni huduma ya kangaruu, na akina mama wetu wengi waliamini kwa dhati kwamba limetokana na kanga. Sikuwahi kuwasahihisha. Kanga ndizo walizofungia.

Shida ilikuwa kwamba walikuwa wanawafungua watoto. Ukipita saa nne, mtoto yuko kifuani. Ukirudi saa sita, yuko kitandani amefunikwa blanketi, mama ameketi pembeni anatazama dirishani. Nami ningesimama mbele yake na sauti ile tunayoijua: "Mama, unataka mtoto wako afe?" Kisha ningekwenda mezani, nikaandika, mama ameelimishwa.

Usiku mmoja, mama wa kitanda cha tano alinijibu. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku nne nyuma, mtoto wake ndiye huyo wa gramu 1,150. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nesi, mnaandika alichokunywa mtoto. Mnaandika alivyokojoa. Mbona hamuandiki nilivyokaa?"

Nikamtazama alivyokaa. Kiti cha plastiki cheupe, kile cha harusini, kimekatika mkono mmoja. Mshono ulikuwa unamvuta, kwa hiyo alikaa amejipinda upande wa kushoto, mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kanga moja ameikunja mara nne akaiweka nyuma ya kiuno. Alikuwa hivyo tangu saa mbili usiku. Ilikuwa saa nane na robo.

Asubuhi yake, nikitoka zamu, nilinunua kaunta buku la kurasa mia moja, nikaanza kuandika. Nani amefunga saa ngapi, amefungua saa ngapi, na palipowezekana, kwa nini. Niliandika kwa miezi saba. Mambo yaliyotokea mle hayakuwa kwenye mada yoyote tuliyofundishwa kuelimisha akina mama. Walifungua saa za kuona wagonjwa, kwa sababu wakwe wa kiume na mashemeji walikuwa wanaingia na pazia hapakuwa na pazia. Walifungua raundi ya madaktari ilipokuja, kwa sababu sisi wenyewe tulitaka mtoto awe kitandani ili achunguzwe upesi. Walifungua kwenda kufua, kwani asiyefua hana kanga kavu ya kesho. Na walifungua kwa sababu ya mgongo. Mgongo, mgongo, mgongo; kuna ukurasa una neno hilo mara tisa. Ujinga, ambao ndio niliokuwa nautibu kwa kelele, sikuuona hata mara moja.

Kaunta buku nilikuwa nalo tayari nilipokuwa naandika kuhusu vifo vya Afrika Mashariki yote. Lilikuwa kabatini, chini ya sare. Halikunipitia akilini kwamba hilo ndilo andiko.

Aliyenifumbua macho ni mtu nisiyemjua. Mwaka 2021 niliandika barua pepe kumi na tisa kwa watafiti ambao makala zao niliwahi kuzisoma, wa Sweden, Norway na Afrika Kusini. Kumi na mbili hawakujibu. Watano walinitakia heri. Mmoja alinipa anwani ya mwingine. Wa kumi na tisa, profesa wa uuguzi wa watoto wachanga katika chuo kimoja cha Sweden, alijibu mstari mmoja: "Andiko lako linaniambia wengine wameona nini. Wewe umeona nini?" Chini akatia jina lake la kwanza, basi.

Nilidhani ananidharau. Nilikuwa nimemwanzia kwa Mheshimiwa Profesa Daktari, na yeye ananijibu kama tumecheza rede pamoja. Baadaye nikaja kusoma kwamba Waswidi waliziacha heshima za kuitana vyeo miaka ya sitini, na aliyelivumisha jambo hilo zaidi ni Bror Rexed, ambaye mwaka 1967, akianza kuiongoza mamlaka ya tiba ya nchi ile, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atawaita wote "wewe", nao wamwite hivyohivyo. Ni Rexed yuleyule ambaye tabaka za uti wa mgongo tulizokariri kwenye anatomia zina jina lake. Basi alikuwa na mkono katika mgongo na katika adabu pia. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, ilinichukua miezi kumwita mtu mwenye umri wa mama yangu kwa jina lake bila kusikia kofi la marehemu bibi kisogoni.

Lile swali lake nililijibu kwa kulipiga picha kaunta buku, kurasa sita, nikiwa nimefunika majina kwa tepe nyeupe. Akataka tuzungumze wiki hiyohiyo.

Nikidhani tumeanza vizuri, nilieleza mambo ya buku kwa fahari kwa nusu saa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hawa akina mama walijua unawaandika?"

Hawakujua. Niliwaona, nikaandika, nikaenda. Akanieleza bila ukali kwamba buku lile linaweza kuzaa swali, ila haliwezi kuwa data, hata ukurasa mmoja, hata kama kila kilichomo ni kweli. Miezi saba ya kazi ikarudi kabatini. Nilikasirika, na sitasema hasira iliisha siku hiyo. Nilikuwa nimesoma Azimio la Helsinki la mwaka 1964 kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kufikiri linanihusu mimi na kalamu yangu saa nane za usiku. Nilimtafuta mama wa kitanda cha tano kwa simu. Mtoto alikuwa anatembea. Nikamweleza yote, nikamwomba ruhusa ya kuyasimulia maneno yake bila jina lake. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe uliyaandika."

Sehemu ya makaratasi nitaipita haraka kwa kuwa haina siri. Vyeti na transkripti anza kuvitafuta mwaka mmoja kabla. Ofisi ya masjala haina haraka na ndoto yako. Mtihani wa Kiingereza una sehemu nne, mimi nilikwama kwenye uandishi, nikaurudia, nikapita. Matokeo hukubaliwa kwa miaka miwili tu, usiukimbilie mapema. Ruhusa ya mwajiri iombe kwa maandishi, ufuatilie kwa miguu, na mkataba wa kurudi kazini usome kabla ya kusaini hata kama aliyekuletea amesimama anasubiri kalamu yake. Na bando. Weka akiba ya bando.

Lakini barua za wadhamini nitazikalia kidogo, maana huko ndiko ugonjwa wangu ulikojitokeza waziwazi. Mmoja wa niliowaomba, msomi mkubwa ambaye sitamtaja, aliniambia kama wengi wanavyoambiwa: "Andika mwenyewe, nitasaini." Nikakaa mezani kuandika sifa zangu kwa kalamu ya mtu mwingine. Saa mbili nzima. Nilichopata ni kwamba mwombaji ni mchapakazi, anashirikiana vyema na wenzake na ana moyo wa kujituma. Barua hiyo ingemfaa mlinzi wa benki, mpishi wa shule au mimi.

Nikaacha. Nikaenda kumtembelea muuguzi mfawidhi aliyenipokea wodini nikiwa kijana, ambaye kwa wakati huo alikuwa amestaafu na anafuga kuku wa mayai. Elimu yake stashahada. Asingeweza kuwa mdhamini wangu kwa kanuni za chuo chochote. Nilimkuta anasafisha vyombo vya maji vya kuku, nikamuuliza moja kwa moja, "Mama, mimi nilifanya nini pale?"

Hakutafuta maneno. Alisema, "Wewe ndiye uliyehamisha saa ya wageni ikatoka saa sita, kwa sababu saa sita watoto walikuwa wanalishwa. Wewe ndiye uliyeomba mashuka yaliyochakaa pale stoo ukashona mapazia, yakakaa miezi miwili wakayaondoa. Wewe ndiye uliyekuwa unawagombeza wale wanawake kuliko wote, halafu ghafla ukaacha, ukaanza kununua madaftari. Nilidhani umechanganyikiwa." Akamwaga maji. "Sasa mbona unaniuliza mimi, hukuwepo?"

Nilirudi na trei mbili za mayai na barua iliyokwisha kujiandika kichwani. Kwa mdhamini msomi nilipeleka orodha ya mambo matano niliyoyafanya, kila moja na mwaka wake, naye kwa heshima yake akaandika barua mwenyewe. Na barua yangu ya kujieleza nikaianza upya. Nilihamisha. Nilishona. Niliandika. Kila kitenzi kilinipa aibu, kwa sababu kwetu mtu mzima hajitaji, anatajwa. Nilitembea chumbani baada ya kila sentensi. Lakini aibu kubwa ilikuwa mbele. Nilipofika kwenye sababu ya kutaka kusoma, niliona kwamba ile lugha isiyo na mtu haikuwa imeficha tu nilichofanya vizuri. Nikaandika: kwa miaka miwili niliwagombeza wanawake waliokuwa na maumivu, na nikaandika kwenye mafaili yao kwamba wameelimishwa.

Nilifuta sentensi hiyo mara mbili. Mara ya tatu niliituma.

Usaili ulifanyika kwa kompyuta, jioni ya Februari 2023, nikiwa kwenye chumba cha dawa kwa kuwa ndicho chenye mtandao wa kuaminika. Umeme ulikatika dakika ya nane. Nikaendelea kwa simu, uso wangu ukimulikwa na tochi ya mwenzangu aliyekuwa zamu, akiwa amechuchumaa chini ya meza asionekane. Kwa hiyo nami nikawa nimepata taa yangu, ila aliyeishika ni mwingine na jina lake halipo kwenye cheti chochote.

Profesa wa takwimu ndiye aliyenibana. Alisema kuna jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, la hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo moja na gramu 1,799. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Wale waliosubiri mpaka watengemae, asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Shirika la Afya Duniani limeshabadilisha mwongozo. Jibu limepatikana. "Sasa wewe unakuja kufanya nini?"

Makala ile nilikuwa nimeikariri. Nikamwambia nimeangalia safu moja ambayo watu huipita: watoto wa kundi la kwanza, walipokuwa katika chumba cha uangalizi maalumu, walikaa kifuani kwa wastani wa karibu saa 17 kwa siku, wa kundi la pili saa moja na nusu. Katika jaribio, mama aliwekewa kitanda chake mle mle chumbani, na akichoka alikuwepo ndugu wa kumpokea. "Kwetu ana kiti cha plastiki," nikasema. "Saa 17 atazikaa wapi? Nataka kujua mwili wa mama unalipa nini, na nani anaweza kumpokea, na kitanda gani tunaweza kukitengeneza kwa seremala wa mjini kwetu."

Akaandika kitu. Wa pili akauliza kuhusu bajeti. Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, akasoma kwa sauti ile sentensi yangu ya kugombeza. Akauliza, "Unadhani wauguzi wenzako watakuambia ukweli wakijua umeandika hivi?" Nikasema sijui, lakini wasipojua nimeandika hivi hawataniambia kabisa. Chini ya meza tochi ikatikisika.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Aprili. Vibali vya maadili vilichukua muda wake, cha chuo na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili niliiandika upya mara nne mpaka mama mmoja wa sokoni akaisoma bila kuniuliza neno. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika ninayoionea fahari kuliko makala zangu zote mbili zilizotoka mpaka sasa, na haina jina langu.

Basi ndiyo hapo, Agosti 2023, wiki moja kabla ya kupanda ndege, nilipokuwa jikoni kwa Shangazi nikiulizwa habari ya mbeleko. Nilipomaliza kucheka nikamwambia, "Hii ni ya mbele, Shangazi. Si ya mgongoni." Akasema mbele au nyuma, yeye amebeba saba na hakuna aliyempa cheti. Nikachukua pakiti ya sukari ya kilo moja pale juu ya kabati, nikamwambia njiti wetu ni hivi, wengine hawafiki hivi. Akaipima mkononi. Akaacha kutania.

"Nifunge," akasema.

Nikamsimamishia sukari kifuani, nikamfunga kanga yake, nikaubana upindo wa juu usawa wa sikio la mtoto kama tunavyofanya, nikamkalisha kwenye kigoda. Ugali nikausonga mimi. Alitulia vizuri tu mwanzoni, akawa ananielekeza moto. Halafu akahama upande wa kushoto. Akanyoosha mguu. Akatafuta ukuta wa kuegemea, ukawa mbali.

"Kwa siku wanakaa hivi muda gani?"

"Wakiweza, saa nane. Ikiwezekana hata ishirini."

"Mgongo huu, mwanangu," akasema, na sukari bado ameishika kwa mikono miwili.

Nilitazama saa ya simu. Dakika kumi na saba. Kaunta buku jipya lilikuwa kwenye mkoba, mlangoni. Nikafuta mikono, nikalitoa, kisha nikakumbuka.

"Shangazi, unaridhia niandike?"

"Kwani umeniona nimekataa?" akasema. "Andika. Halafu njoo unifungue."